Soma mteremko na mvua ya shamba lako kabla hujanunua fatalaiza

Kama shamba lako linateremka, na huku Magharibi mwa Kenya nani ako na shamba tambarare kama si mtu wa Kano, ule uwanda wa karibu na Kisumu, anza na hii kazi leo kabla hujasoma mbele. Tafuta shuka kuukuu ya pamba, pamba kabisa si ile inateleza ya nailoni, chana vipande vitatu sawasawa, kila kimoja ukubwa wa hanchifu. Zika kimoja pale juu kabisa ya shamba, kimoja katikati, kimoja chini karibu na mto. Kina ni sentimita 15, yaani viberiti vitatu vikipangwa kwa urefu. Kitandaze kikiwa kimelala, usikikunje, fukia, alafu weka kijiti cha alama na uambie watoto wasikiguse. Andika tarehe mahali. Sasa keti tuongee, kwa sababu hivyo vitambaa vitakaa huko chini wiki kadhaa na tutavirudia mwisho.

Naandika hii kwa sababu nimeona watu wengi wakipewa ushauri wa mchanga kama dawa ya kichwa, kila mtu vidonge viwili. Mimi naishi Nakuru pande za Bahati, nyumbani ni Vihiga kwa mama, na kuna misimu mitatu tulikodi nusu eka na shemeji yangu karibu na Ahero, huko kwenye uwanda wa Kano. Msimu mmoja nikagawa mbegu ile ile ya maharagwe na gunia moja la DAP, ile fatalaiza ya kupandia yenye fosforasi na nitrojeni, kwa hayo mashamba yote. Bahati yalitoka vizuri. Vihiga yalipendeza katikati tu, juu na chini yakawa manjano. Ahero mvua ya wiki moja ikayamaliza, mizizi ikaoza yote. Mbegu moja, fatalaiza moja, mkono ule ule. Kilichokuwa tofauti ni mchanga, na mchanga hautofautiani hivi hivi tu, kuna vitu viwili vinaupika kila siku, hali ya hewa na umbo la ardhi, na wale wameshika mwiko wenyewe ni bakteria.

Wataalamu waliliweka hili wazi kitambo. Mwaka wa 1941 Hans Jenny, aliyekuwa akifanya kazi California, aliandika kwamba udongo unatokana na vitu vitano: hali ya hewa, viumbe, umbo la ardhi, mwamba mama na muda. Mwamba wako huwezi kubadilisha, na muda ndio huo. Lakini hayo mengine matatu yanashikana kwa njia ambayo mkulima anaweza kuisoma kwa macho na kuitumia. Mvua inaosha madini kama kalshamu na magnesiamu kuyapeleka chini, joto linawaharakisha bakteria (kwa kadiri, kila joto likipanda nyuzi 10 kazi yao inakaribia kuongezeka maradufu, mpaka joto lenyewe lizidi), na mteremko ndio unaamua maji yasimame wapi na mchanga ulale wapi. Gramu moja tu ya udongo mzuri, ile unabana na vidole viwili, inaweza kubeba bakteria kufika bilioni. Hao wote wanakula, wanapumua, wanazaana na kufa kulingana na maji na joto la hapo walipo.

Sasa chukua jembe.

Chimba mashimo matatu, juu, katikati na chini, lakini usichimbue vitambaa vyako, songa hatua mbili. Kina kifike magotini, sentimita 50 au 60. Fanya ukuta mmoja uwe umenyooka na uusafishe na kisu au panga ndio uone rangi vizuri, na ufanye asubuhi au jioni jua likiwa la pembeni, saa sita rangi zote zinafanana.

Shimo la juu kwa mama lilinipa sentimita 20 za mchanga wa kijivu-kahawia wenye chembechembe zinang'aa kama kioo, alafu jembe likagonga maramu. Hizo chembe ni za yale mawe makubwa ya graniti unaona Maragoli yamekalia milima kama nyumba. Pale juu maji hayakai, yanateremka, na yanateremka na mchanga mzuri pamoja na majani yaliyooza, kwa hivyo bakteria wa juu wanaishi maisha ya njaa, leo wameloa kesho wamekauka, mchana wamechomwa usiku wamepoa. Mchanga unaoshwa haraka kuliko unavyotengenezwa, na kutengeneza sentimita moja ya udongo kunaweza kuchukua mamia ya miaka. Ndio maana ni mwembamba pale, si eti mababu walipalima vibaya peke yake.

Shimo la katikati lilikuwa jekundu mpaka mwisho na jembe lilizama bila kugonga kitu. Wekundu ule ni kutu. Mwamba ukivunjika kwa mvua na joto kwa muda mrefu sana unaacha chuma, na chuma kikipata hewa kinashika kutu. Kwa hivyo ukiona mchanga mwekundu hadi chini, umeambiwa kwamba hapo maji yanapita na hewa inaingia, na bakteria wanaohitaji oksijeni wako kazini, wale wanaogeuza majani na samadi kuwa nitrojeni mmea unaweza kunyonya. Hapo ndipo maharagwe yangu yalipendeza, na hakukuwa na siri ingine.

Shimo la chini ndilo nataka ukae nalo. Lilikuwa la kijivu, na ndani ya hicho kijivu kulikuwa na nyuzi nyembamba za rangi ya machungwa zikifuata njia za mizizi. Nikainama nikanusa, likanipiga na harufu ya yai viza. Nilidhani ni uchafu umetoka juu, lakini la, hao ni bakteria wakipumua bila hewa. Udongo ukijaa maji oksijeni inaisha kwa siku chache, na badala ya kufa wote, kuna wale wanaanza kutumia vitu vingine mahali pa hewa. Kwanza wanamaliza naitreti, ile nitrojeni umenunua, wanaigeuza gesi inapanda hewani. Ikiisha wanaenda kwa chuma, ile kutu nyekundu inayeyuka inaoshwa, na mchanga unabaki kijivu. Chuma kikipungua wanageukia salfeti, hapo ndipo harufu ya yai inatoka. Ikikaa hivyo zaidi kuna vijidudu wengine wanatengeneza methani, yale mapovu unaona ukikanyaga matope ya mpunga. Zile nyuzi za machungwa ni mahali mzizi uliingiza hewa kidogo na chuma kikashika kutu tena. Yaani rangi ya ukuta wa shimo lako ni rekodi ya vile bakteria wamekuwa wakipumua hapo miaka yote, na kuisoma ni bure kabisa.

Kwa hivyo ukikuta kijivu kabla jembe halijafika sentimita 30, usipande mahindi hapo ukilia ati mbegu ni mbaya. Weka nduma, nepia, miwa, au inua matuta mapana ya kufika magotini upande mboga juu yake. Na CAN, ile fatalaiza ya kukuzia, usiimwage kwa mchanga umesimama maji, karibu nusu ya nitrojeni yake ni naitreti na bakteria watairusha hewani kabla mmea haujajua iko. Wa mpunga kule Ahero wanajua, shamba lenye maji wanaliwekea yurea au salfeti ya amonia.

Huu mpangilio wa juu, katikati, chini unarudia mlima baada ya mlima, na aliyeupa jina aliufanyia kazi hapa kwetu Afrika Mashariki. Geoffrey Milne, akiwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, Tanganyika, mwaka wa 1935 akauita katena, neno la Kilatini la mnyororo, kwamba udongo wa kilele na wa bondeni ni pete za mnyororo mmoja, ukivuta moja ingine inasonga. Watu wa soil wa dunia nzima wanatumia hilo neno hadi leo na limetoka kwa milima yetu. Hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka.

Kutoka kwa hiyo pete unapata sheria moja ya muhimu sana: ukitaka kupeleka mchanga maabara, usichanganye wa juu na wa chini. Mimi nilichanganya mara ya kwanza, nikachota huku na kule nikajaza mfuko mmoja, majibu yakaja ya shamba ambalo halipo popote, si la juu wala la bondeni. Fanya mifuko mitatu. Kwa kila sehemu tembea zigizaga uchote mahali 10 mpaka 15, kina cha sentimita 20, changanya kwa beseni safi la plastiki, toa nusu kilo, kausha kivulini, andika jina la sehemu. Usichotee kwa njia ya ng'ombe, wala mahali palikuwa na jivu au rundo la samadi.

Bado kwa mashimo, kuna vipimo viwili vya nyumbani.

Cha kwanza, lowesha mchanga kiasi, uviringishe mkononi uwe nyoka mwembamba kama penseli alafu ujaribu kuukunja pete. Ikikataa kabisa hata nyoka, ni mchanga wa kichanga. Nyoka akitoka lakini pete inapasuka, uko katikati, shukuru. Pete ikifunga vizuri bila ufa, huo ni mfinyanzi. Cha pili, chukua bonge kavu ukubwa wa njugu mawe, liweke polepole kwa glasi ya maji ya mvua, usitingishe, ungoje dakika tano. Bonge likikaa zima, limeshikwa na gundi ambayo bakteria na kuvu wanaitoa wakila, ni kama ute, ndio unaunganisha chembe zisioshwe na mvua. Likibomoka lakini maji yanabaki safi, gundi ni kidogo, ongeza samadi na matandazo. Likibomoka na maji yakawa kama chai ya maziwa na yasitulie hata ukirudi jioni, hapo sodiamu ni nyingi, na huo ndio udongo unakatika makorongo. Nenda uone pande za Nyakach vile makorongo yamemeza mashamba ya watu na njia za watoto wa shule, utaelewa kwa nini nakuambia ujue mapema. Mahali kama hapo usichimbe mtaro wa kupitisha maji bila kuuliza mtaalamu, unaweza kujifungulia korongo mwenyewe.

Kano yenyewe ni hadithi ingine. Ni tambarare, mto Nyando na wenzake wanaleta tope la kutoka juu, na yale madini mvua inayaosha huko Nandi na Kericho mengine yanaishia hapo. Kwa hivyo mfinyanzi mweusi wa Kano unaonata kwa gambuti si mchanga maskini, una madini, shida yake ni hewa. Ukiloa unavimba na kufunga kila tundu, ukikauka unapasuka mpaka panga inaingia. Bakteria wake wanaishi misimu miwili kama watu wa vijiji viwili, wa hewa wakati wa ufa na wa bila hewa wakati wa mafuriko. Jaribu hii: ukikuta vijiwe vyeupe vidogo ndani ya huo mweusi, kamulia ndimu juu. Vikitoa povu ni chokaa ya asili, na wewe huna haja ya kununua chokaa hata mtu akikuuzia kwa bei gani.

Nakuru ni kinyume. Mchanga wa Bahati ni jivu la volkeno, na kwa historia ya ardhi ni wa juzi tu. Kule Magharibi baadhi ya miamba imepita miaka bilioni 2.5, huku tunalima juu ya kitu kilichotapikwa majuzi. Okota vile vijiwe vyepesi vya kijivu viko kila mahali ukielekea Menengai, uvitupe kwa sufuria ya maji, vingi vitaelea, ni mawe yenye matundu kama mkate. Jivu ni laini, linashika maji vizuri, na linakumbatia mboji kiasi kwamba bakteria hawaimalizi haraka. Lakini linakumbatia fosforasi pia. Ukimwaga DAP juu juu imeshikwa na mmea hauioni, kwa hivyo iweke kwa shimo la mbegu pamoja na samadi iliyooza, tia mchanga kidogo katikati ndio mbegu isiungue. Mchanga mwekundu wa Vihiga na Kisii una tabia hiyo hiyo sababu ya chuma na alumini, fanya vivyo hivyo.

Tuje kwa joto. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama 1,130. Hiyo tofauti ya mita 700 ni nyuzi nne au tano za joto, na kwa bakteria hiyo ni kitu kikubwa. Samadi ukiiweka Kisumu wanaila haraka, unapata nguvu nyingi kwa muda mfupi alafu imeisha, mchanga unarudi mweupe. Ukiiweka Molo kwa baridi inakaa, inaliwa polepole, ndio maana mchanga wa kule juu ni mweusi wa mboji. Kwa hivyo mtu wa Kisumu aweke kidogo kidogo kila msimu na afunike mchanga na matandazo usichomwe na jua. Mtu wa Molo au Mau Narok aweke samadi iliyooza kabisa, na aiweke mapema, kwa sababu ile mbichi itachelewa mpaka mahindi yapite wakati wa kuihitaji.

Na kuna hii ya mvua ya kwanza, ambayo mimi naona ndiyo inasahaulika zaidi na haigharimu shilingi. Ile harufu tamu ya mchanga mkavu ukiguswa na mvua, inatoka kwa bakteria, hasa wale wanaoitwa streptomaisisi, kitu wanachotengeneza kinaitwa jiosmini na pua ya binadamu inakishika hata kikiwa kidogo mno. Harufu ikipanda ujue kuna kazi imeanza chini. Miaka ya 1950 kulikuwa na mtafiti anaitwa Birch kituo cha Muguga, hapo karibu na Kikuyu, akaonyesha kwamba udongo uliokauka sana ukiloweshwa, bakteria wanaamka kwa kishindo. Ukame uliwaua wengi wao na kufungua mboji iliyokuwa imejificha ndani ya mabonge, sasa waliobaki wanakula hiyo yote kwa mara moja, na kwa siku chache nitrojeni nyingi inaachiliwa. Duniani hiyo kitu inaitwa kwa jina lake, athari ya Birch.

Maana yake kwa jembe ni hii: hiyo ni fatalaiza ya bure inatolewa mara moja, na haingoji mtu. Ukipanda wiki tatu baadaye, mvua kubwa imeshaiosha ikapita mizizi. Ukiwa umelima Januari au Februari mchanga ukakauka vizuri, na mbegu iko chini mvua inapoanza au siku mbili tatu baadaye, mche unaota ukiikuta. Mama yangu hajui Birch ni nani lakini alikuwa anatuamsha saa kumi na moja, "mvua ya kwanza haikopeshi, amkeni wanangu," na majirani waliokuwa wanangoja mvua "ishike vizuri" walikuwa wanavuna nyuma yetu kila mwaka. Nakuru ambako kiangazi cha mwanzo wa mwaka ni kikali, huo mlipuko ni mkubwa. Kakamega mvua haikosi karibu mwaka mzima, inafika kama milimita 2,000, mchanga haukauki sana na mlipuko ni mdogo, lakini bado uko. Na usiweke CAN hiyo wiki ya kwanza, ni kumwagia maji mtu anayeoga, ngoja wiki tatu au nne mche uwe na mizizi ya kunyonya.

Sasa bakteria wa mizizi. Maharagwe, kunde, soya, njugu, hizi zinaishi na raizobiamu, wanaingia kwa mzizi wanajenga vifundo na kutoa nitrojeni hewani wanampa mmea. Kuangalia kama wako: maharagwe yakianza maua, chimba mmea mmoja kila sehemu ya shamba. Usivute, ukivuta vifundo vinabaki mchangani na utadanganyika. Osha mizizi kwa ndoo, pasua kifundo na ukucha. Ndani pakiwa pekundu-waridi kama nyama, wanafanya kazi. Peupe au kijani, wamelala au wamechoka. Kwa mama katikati nilihesabu zaidi ya ishirini kwa mmea mmoja, vya waridi. Juu vilikuwa vitatu, vidogo kama mbegu ya sukuma. Chini hakukuwa na hata kimoja, raizobiamu hawapendi kukosa hewa.

Soya ndio inahitaji chanjo zaidi, yaani raizobiamu wa pakiti unaopaka kwa mbegu, kwa sababu raizobiamu wake hawako kwa kila mchanga wa huku. Chanjo ya Biofix ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Nairobi na inauzwa kwa agroveti, lakini hakikisha pakiti ni ya zao lako, ya maharagwe si ya soya. Na hao ni viumbe hai jamani. Mimi nilinunua pakiti kwa duka moja ilikuwa imepangwa dirishani jua la mchana linaipiga, nikapaka mbegu zote, nikangoja, hakukuwa na kifundo hata kimoja msimu mzima. Niliumia sana kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia majirani wajaribu pia. Uliza wanaiweka wapi, angalia tarehe, ibebe kivulini. Paka mbegu asubuhi mapema ukitumia maji kidogo ya sukari ishike, panda saa hiyo hiyo, fukia haraka, na fatalaiza isiguse mbegu iliyopakwa.

Kama hakuna vifundo na mchanga ni mwekundu wenye hewa nzuri, fikiria asidi. Mvua nyingi ya Magharibi imeosha kalshamu miaka na miaka, na amonia ya DAP ikigeuzwa na bakteria kuwa naitreti inaacha asidi nyuma kila msimu. pH, kile kipimo cha asidi (ikiwa ndogo asidi ni nyingi), ikishuka chini ya 5.5 alumini inaanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi, na bakteria wengi wanapungua, kuvu ndio wanavumilia. Dawa ni chokaa ya shamba, na tuko na bahati, inachimbwa hapo Koru. Kiasi uambiwe na kipimo, sehemu kwa sehemu, si kwa kukisia. Imwage siku ya upepo kidogo, ichanganye na mchanga sentimita 15, wiki kadhaa kabla ya kupanda, na usiiweke siku moja na samadi mbichi au yurea, nitrojeni itapaa na utainusa ikienda.

Kuna mambo mengi ya kayongo ningeongeza hapa, lile gugu la maua ya zambarau linanyonya mahindi, maana linapenda mchanga uliochoka nitrojeni, lakini hilo linataka siku yake. Nimalizie mteremko.

Pale juu, kitu cha kwanza ni kusimamisha mchanga. Tumia ile njia inaitwa "fanya juu", ndio hiyo hiyo ya zamani: chimba mtaro ukifuata usawa wa mlima, mchanga utupe upande wa juu, panda nepia kwenye tuta. Usawa usiukisie kwa jicho, jicho linadanganya kwa mlima. Tengeneza fremu ya A: fito mbili za mita mbili zifungwe juu, moja ifungwe katikati kama mkanda, kamba yenye jiwe ining'inie kutoka kileleni. Simamisha miguu miwili kwa vigingi viwili, weka alama mahali kamba inagusa mkanda, geuza fremu mguu wa kushoto uende kulia, weka alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili ndio usawa. Tembea nayo mlimani ukipiga kigingi kila mguu unapotua na kamba iko katikati. Na lile tope jeusi linajaa kwa mtaro baada ya mvua, lirudishe juu na debe. Ni mchanga wako, na bakteria wako ndani.

Sasa vitambaa. Kisumu rudi baada ya wiki tano, Vihiga na Kakamega sita, Nakuru nane, Molo hata kumi. Kama kiangazi kimeingia katikati, ongeza wiki. Chimba pembeni kwa mkono, inua polepole, suuza kwa beseni bila kusugua, anika vyote vitatu kwa kamba moja ndio uvione pamoja. Pamba ni chakula cha bakteria na kuvu, kwa hivyo kadiri kilivyoliwa ndivyo wako wengi na wana kazi. Vyangu vya Vihiga nilivianika kwa kamba ya mama nyuma ya jikoni. Cha juu kilikuwa na matundu kama kumi, kingine chote kizima, ungeweza bado kupangusia meza. Cha chini kilikuwa kizima kabisa lakini kinateleza, cheusi-kijivu, na ile harufu ya yai. Cha katikati hakikuanikika. Kilichobaki ni ule uzi wa pindo, wa nailoni, umejikunja mkononi na punje mbili za mchanga mwekundu zimeshikilia.